Kituo Kidogo Kilichobeba ABC: Kisa cha WBND cha South Bend

Mwezi Oktoba mwaka 1995 vituo viwili vya televisheni katika mji wa South Bend na jirani yake Elkhart, kaskazini mwa jimbo la Indiana nchini Marekani, vilibadilishana mitandao ya televisheni, yaani kampuni za kitaifa zinazovipa vituo vipindi. WSJV ya chaneli 28, iliyokuwa mshirika wa ABC tangu miaka ya 1950, iliachana na mtandao huo na kujiunga na Fox. Kituo kilichokuwa kikirusha Fox hadi wakati huo kilikuwa W58BT, kituo cha nguvu ndogo kilichomilikiwa na kampuni ya Weigel ya Chicago, na ndicho kilichoichukua ABC. Kwa namna hiyo mmoja wa mitandao mitatu mikongwe ya televisheni ya Marekani, tena katika mwaka uleule ambao Disney ilitangaza kuinunua kampuni mama yake, ulijikuta katika eneo zima la South Bend ukitegemea leseni ya daraja la chini kabisa katika ngazi za utangazaji.

Kituo hicho baadaye kilijulikana kama WBND-LP, na kisha WBND-LD (LP ni nguvu ndogo, LD ni nguvu ndogo ya kidijitali), kwa namba 57 kwenye skrini. Nimekichagua kwa uchambuzi huu kwa sababu historia yake inatenganisha mambo mawili ambayo watu wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja, yaani leseni ya kurusha matangazo na mkataba wa kujiunga na mtandao. Leseni hutolewa na serikali, nayo hueleza nguvu ya mawimbi na haki ya kulindwa dhidi ya mwingiliano. Mkataba hutolewa na mtandao, nao hueleza kile ambacho mtazamaji atakikuta akiwasha televisheni. South Bend, kwa zaidi ya robo karne, leseni dhaifu kuliko zote sokoni ilishikilia mkataba ambao wenye leseni imara hawakuushika.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kuuelewa ushirika wa aina hii kwa kukumbuka redio za mikoani zinazokatisha vipindi vyake saa fulani ya jioni ili kujiunga na Idhaa ya Kiswahili ya BBC au ya DW. Redio ina mmiliki wake, leseni yake na watangazaji wake, lakini kwa muda ule sauti inayosikika ni ya mwingine. Televisheni ya Marekani imejengwa juu ya mpango huohuo kwa kiwango kikubwa zaidi. ABC, CBS, NBC na Fox humiliki vituo vyao wenyewe katika baadhi ya miji mikubwa tu, na kwingineko hutegemea wamiliki wengine ambao hukubali kwa mkataba kurusha tamthilia, michezo na taarifa za habari za kitaifa, huku saa zilizobaki wakizijaza kwa habari za mji wao na vipindi walivyovinunua. Mkataba una mwisho, na ukifika mwisho kila upande huwa huru kutafuta mwenzi mwingine.

Kuhusu nguvu ndogo, mambo yako hivi. Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, iliweka kanuni za daraja hilo mwaka 1982, ingawa kituo cha kwanza cha namna hiyo, cha Bemidji katika jimbo la Minnesota, kilikuwa kimekwisha kuingia hewani mwishoni mwa mwaka 1981. Lengo lilikuwa kuvipa vijiji, miji midogo na jamii zisizo na sauti nafasi ya kuwa na televisheni yao kwa gharama nafuu. Kanuni za mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliweka ukomo wa kilowati 150 kwa nguvu inayotoka kwenye antena ya kituo cha aina hiyo katika masafa ya UHF, yaani yale ya chaneli 14 kwenda juu, wakati kituo cha kawaida cha UHF kiliweza kuruhusiwa hadi kilowati 5,000. Tofauti hiyo ni kubwa, lakini tofauti ya haki ni kubwa zaidi. Kituo cha nguvu ndogo ni cha daraja la pili kisheria: hakiruhusiwi kukisumbua kituo cha kawaida, hakina pa kulalamika kikisumbuliwa, na kituo cha kawaida kikiihitaji chaneli yake, ni juu yake kuondoka na kutafuta nyingine. Jina lenyewe W58BT lilikuwa ni hesabu ya karani: W kwa sababu kiko mashariki ya mto Mississippi, 58 kwa sababu ya chaneli, na herufi mbili za mwisho kwa mpangilio wa foleni. Katikati ya miaka ya 1990 vituo hivi viliruhusiwa kuchukua majina ya herufi nne yakifuatiwa na LP, na hapo ndipo jina WBND, linaloitikia neno la mwisho la South Bend, lilipopatikana.

Zaidi ya hayo, sheria ya kebo ya mwaka 1992 iliwapa wamiliki wa vituo vya kawaida haki ya kuchagua kila baada ya miaka mitatu: ama kuilazimisha kampuni ya kebo iwabebe bila malipo, ama kudai makubaliano kabla ya kubebwa. Vituo vya nguvu ndogo, isipokuwa vichache vya maeneo ya mbali vinavyotimiza masharti magumu, havina haki hiyo ya kulazimisha. Vinaweza kukubali kubebwa, lakini haviwezi kuamuru. Kwa soko kama South Bend, ambako nyumba nyingi zilikuwa zikipata televisheni kwa waya, kukosa haki hiyo kungeweza kukiua kituo, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kiini cha kisa chote.

Swali la kwanza ni kwa nini WSJV iliiacha ABC. Hakukuwa na ugomvi unaohitajika kulieleza hilo, kwa sababu mpira wa Kimarekani unatosha. Mwezi Desemba mwaka 1993 Fox ilipata haki za kurusha michezo ya kundi la NFC la NFL, ligi ya kulipwa ya mpira huo, kuanzia msimu wa 1994, kwa dola bilioni 1.58 za miaka minne, na kuinyang'anya CBS mali iliyokuwa nayo tangu mwaka 1956. Timu ya Chicago Bears imo katika kundi hilo. South Bend iko umbali wa takriban kilomita 150 kutoka Chicago, na mapenzi ya watu wake katika mpira wa kulipwa huelekea huko. Ukiacha Jumamosi, ambazo ni za chuo kikuu cha Notre Dame na ambazo kwa michezo ya nyumbani zilikuwa tayari za NBC, Jumapili za South Bend zilikuwa za Bears, na kuanzia mwaka 1994 Jumapili hizo zilikuwa ndani ya kituo cha nguvu ndogo cha Weigel. WSJV, mali ya kampuni ya magazeti ya Quincy ya Illinois tangu miaka ya 1970, iliona kituo kidogo kikimiliki saa ambazo wenye matangazo ya biashara walizitaka kuliko zote. Fox nayo ilikuwa ikitafuta kila mahali kituo chenye mnara wa kweli. Mwezi Mei mwaka 1994 ilikuwa imefunga mapatano na kampuni ya New World yaliyovihamisha vituo 12 kwa mkupuo mmoja, na baada ya hapo kila mji wa Marekani uliingia katika zamu ya kuhama.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kwa nini ABC iliangukia kwenye kituo cha nguvu ndogo? Jibu limo katika ramani ya soko lenyewe. South Bend ni kile ambacho wahandisi wa utangazaji hukiita kisiwa cha UHF. Kwa sababu Chicago iko jirani na ilikwisha kugawiwa chaneli za VHF, yaani za namba 2 hadi 13, South Bend ilipewa chaneli za UHF peke yake, na vituo vyake vyote vya kibiashara vilianzia huko: WSBT mwezi Desemba mwaka 1952, WSJV mwaka 1954, na WNDU, iliyoanzishwa na chuo kikuu cha Notre Dame chenyewe, mwaka 1955. WSBT ilikuwa ya CBS na mali ya ukoo uleule uliochapisha gazeti la South Bend Tribune. WNDU ilikuwa ya NBC. Chaneli 34 ilikuwa ya televisheni ya umma. Chaneli 46, WHME, ilikuwa mikononi mwa LeSEA, shirika la Kikristo lililoanzishwa na mhubiri Lester Sumrall. WSJV ilipoondoka, hapakubaki kituo cha kawaida ambacho ABC ingeweza kukigongea mlango na kupewa ratiba nzima. Kilichobaki ni Weigel, ambayo siku hiyohiyo ilikuwa imepoteza Fox na ilihitaji mtandao.

Wapo wanaoliita jambo hili bahati. Siliiti hivyo, kwa kuwa Weigel haikuwa mgeni wa kusubiri kinachoachwa. Kampuni hiyo ilianza na WCIU ya Chicago, kituo cha kwanza cha UHF cha jiji hilo, kilichoingia hewani tarehe 6 Februari 1964, na kwa miongo mitatu iliishi kwa vipindi ambavyo wakubwa hawakuvitaka: matangazo ya Kihispania, vipindi vya jamii za wahamiaji, na taarifa za soko la hisa mchana kutwa. Kisha tarehe 11 Desemba 1994, miezi kumi tu kabla ya mabadilishano ya South Bend, wimbi lilelile la Fox lilipoichukua WITI ya Milwaukee kutoka CBS, mtandao huo uliobaki bila makao ulihamia WDJT ya chaneli 58, mali ya Weigel. Ni kweli kwamba WDJT ilikuwa na leseni kamili, lakini mazingira yalikuwa yaleyale. Katika miji miwili jirani, ndani ya mwaka mmoja, mtandao mkubwa ulifurushwa na mwenyeji wake, na katika miji yote miwili Weigel ndiyo iliyokuwa imekwisha kujenga chumba cha wageni. Mtu hapati mara mbili mfululizo kitu ambacho hakukiandalia mahali.

Baada ya ABC kuingia, upungufu wa leseni haukufutika, bali ulianza kufidiwa na mkataba. Kampuni ya kebo haikulazimika kisheria kukibeba kituo cha nguvu ndogo, lakini ni nani angeuza huduma ya kebo South Bend bila ABC, na hasa bila mpira wa Jumatatu usiku, ambao ABC iliurusha hadi msimu wa 2005? Kwa kukosa haki ya kulazimisha, Weigel ilibaki na njia ya makubaliano tu, na kwa kuwa mkononi ilikuwa na kitu kinachohitajiwa na kila nyumba, njia hiyo ilitosha. Mnara mfupi ukawa unawalisha wachache wenye antena, huku waya ukiwafikia waliobaki. Hapo ndipo ninapoona kosa la wale wanaokipima kituo kwa kilowati peke yake, kwani katika soko lenye kebo kilowati hueleza gharama ya umeme kuliko zinavyoeleza idadi ya watazamaji.

Hata hivyo si haki kuipamba hali hiyo kupita kiasi. Mkulima aliye pembezoni mwa eneo hilo, mwenye antena ya juu ya paa na asiye na uwezo au nia ya kulipia kebo, aliyeipata ABC kwa WSJV bila shida kwa miaka mingi, alikuwa katika hatari ya kuipoteza mwezi Oktoba mwaka 1995 bila ya mtu kumuuliza. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote. Mtandao, mmiliki wa zamani na mmiliki mpya wote walikuwa ndani ya haki zao. Lakini masafa ni mali ya umma, na katika mabadilishano ya mitandao umma huo hauna kiti mezani, kwa kuwa FCC huidhinisha uhamisho wa leseni na haiidhinishi uhamisho wa mkataba. Mwaka 2016 jambo hilo lilijirudia mjini humohumo kwa sura nyingine, kama nitakavyoeleza.

Udogo wa leseni ulikuwa pia na faida moja ambayo wenye leseni kubwa hawakuwa nayo. Kanuni za ukomo wa umiliki, zinazozuia mtu mmoja kukusanya vituo vingi katika mji mmoja, hazivihesabu vituo vya nguvu ndogo. Mwezi Septemba mwaka 2006, baada ya mitandao ya The WB na UPN kufungwa na mahali pake kuchukuliwa na The CW na MyNetworkTV, Weigel ilizichukua zote mbili kwa ajili ya South Bend kupitia vituo vyake vingine viwili vya nguvu ndogo, WCWW ya namba 25 na WMYS ya namba 69. Hivyo mmiliki mmoja akawa na mitandao mitatu chini ya dari moja. Mwenye leseni ya kawaida katika soko la ukubwa ule angejaribu kufanya hivyo kwa leseni tatu kamili, kanuni zingemzuia mlangoni.

Hatari ya kuhamishwa ilikuwa ya kweli muda wote. Sheria ya Novemba 1999 ya kulinda watangazaji wa kijamii ilianzisha daraja A, ambalo liliwapa baadhi ya wenye nguvu ndogo kinga dhidi ya kufukuzwa, kwa sharti la kuwa hewani angalau saa 18 kwa siku na kutengeneza wenyewe angalau saa 3 za vipindi vya mahali pao kila wiki. Herufi za LP zilizobaki kwenye jina la WBND, na baadaye LD, zinaonyesha kwamba kituo hicho hakikuwamo katika daraja hilo. Kilibeba ABC bila kinga. Vituo vya kawaida vilipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, chaneli zote kuanzia 52 hadi 69 zilitolewa kwa simu na huduma za dharura, na hizo ndizo zilizokuwa na 57 na 69. Mnada wa masafa uliofuata, uliofungwa mwezi Aprili 2017 kwa mapato ya dola bilioni 19.8, ulichukua pia chaneli za 38 hadi 51, na vituo vya nguvu ndogo havikulindwa wala kulipwa thamani ya masafa katika mnada huo. Namba 57 aliyoendelea kuiona mtazamaji, kwa hiyo, ni kibao cha duka tu, kwani duka lenyewe lilikwisha kuhamishiwa mtaa mwingine wa masafa.

Sasa tuwatazame majirani wenye leseni imara. Mwaka 2006 chuo kikuu cha Notre Dame kiliiuza WNDU kwa kampuni ya Gray kwa dola milioni 85, baada ya kuimiliki kwa zaidi ya nusu karne. Mwezi Septemba mwaka 2015 Gray ilitangaza kuvinunua vituo vya Schurz, kampuni ya ukoo ule wa gazeti la South Bend Tribune, WSBT ikiwa mojawapo, na kwa kuwa isingeweza kuwa na WNDU na WSBT kwa pamoja, ilibadilishana na Sinclair: Sinclair ikapata WSBT, Gray ikapata WLUC ya Marquette katika jimbo la Michigan. Ukoo wa magazeti ya South Bend ukawa umetoka kwenye televisheni ya mji wake. Miezi michache baadaye Sinclair na Quincy zilifunga biashara ambayo haikuhusu mnara wala leseni. Quincy iliikabidhi Sinclair mkataba wa Fox wa South Bend, na katika mji wa Peoria, Illinois, Sinclair ikaikabidhi Quincy mkataba wa ABC. Tarehe 1 Agosti 2016 Fox ikaanza kurushwa na WSBT kwenye chaneli yake ya pili, 22.2, kando ya CBS, na WSJV, kituo kilichoiacha ABC kwa ajili ya Fox, kikabaki bila mtandao mkubwa hata mmoja.

Kilichoijaza ratiba ya WSJV baada ya hapo ni Heroes & Icons, mtandao wa tamthilia za zamani ulioanza mwezi Septemba mwaka 2014. Mwenye mtandao huo ni Weigel. Kampuni iliyokuwa ikigombea mabaki ya wengine mwaka 1995 ilikuwa imejifunza kuwa mtandao yenyewe, na njia iliyoifikisha huko ilianzia kwenye nguvu ndogo pia: MeTV ilizaliwa mwezi Januari mwaka 2005 katika kituo cha nguvu ndogo cha Chicago, chaneli 23, kabla ya kusambazwa nchi nzima kuanzia tarehe 15 Desemba 2010. Kwa hiyo leseni kubwa ya chaneli 28, yenye mnara ambao mwaka 1995 uliiwezesha kuchagua mtandao inaoutaka, sasa ilikuwa ikijiunga na matangazo ya mwenye leseni ndogo. Sioni mahali pengine katika kisa hiki panapoonyesha wazi zaidi namna thamani ilivyohama kutoka kwenye mnara kwenda kwenye mkataba.

Muda wa mwisho wa vituo vya nguvu ndogo kuachana na analojia, baada ya kuahirishwa zaidi ya mara moja, uliwekwa kuwa tarehe 13 Julai 2021. Wiki tatu baadaye, tarehe 2 Agosti, Gray ilikamilisha ununuzi wa Quincy kwa dola milioni 925, na WSJV ikaingia katika mikono ileile iliyokuwa na WNDU. Hadi kufikia siku hiyo, kila kimoja kati ya vituo vitatu vya miaka ya 1950 vya South Bend kilikuwa kimeuzwa angalau mara moja tangu mwaka 2006. Leseni ya W58BT, ambayo mwaka 1995 ilionekana kuwa ya kushikiza tu, ilikuwa ingali na Weigel, na ABC ilikuwa ingali ndani yake.